Kujifunza bakeru, kitenzi cha Kijapani cha kujigeuza

Kitenzi hiki nilikutana nacho kwenye barua pepe iliyoharibika. Nilikuwa namsaidia shemeji yangu kuagiza gari kutoka Japani, ikaja barua kutoka kwa muuzaji. Mahali ambapo ningetarajia kuona 文, nikaona æ–‡, na mistari mizima ya takataka za namna hiyo. Nikadhani simu imeingiliwa na virusi. Nikaipiga picha skrini, nikamtumia Mjapani mmoja tuliyekuwa tunafanya naye mazoezi ya lugha. Akanijibu kwa neno moja tu: 文字化け, mojibake.

Moji ni herufi. Bake linatokana na kitenzi 化ける, bakeru, yaani kujigeuza. Kwa maneno mengine, herufi zimejigeuza kama jini la hadithini. Sababu yenyewe haina uchawi wowote: katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, kanji ya kawaida (herufi ya asili ya Kichina kama 文) hubeba baiti tatu, na programu inayosoma kwa mfumo mwingine inazichukua baiti hizo moja moja na kuifanya kila moja herufi yake. Ndiyo maana 文 moja ikazaa alama tatu. Lakini mimi nilikuwa nimeshanaswa na neno.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma hiragana, anayejua walau sentensi za desu na masu, na sasa anataka kukijua kitenzi kimoja mpaka kimkae. Vitabu vingi vya Kijapani vinavyotufikia vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili hutafsiri mara mbili na kupoteza mara mbili. Kwa bakeru, ziweke lugha mbili tu mezani, Kijapani na Kiswahili. Utaona kazi nusu umeshaifanya tangu utotoni.

Hatua ya 1: Kitie mdomoni

Ba-ke-ru. Silabi tatu zilizo wazi, kila moja ikiishia kwa irabu, kama maneno yetu. Zipe urefu sawa. Usiivute "ke" kama tunavyovuta silabi ya pili kutoka mwisho. Ile "r" ni ya ncha ya ulimi inayogusa mara moja na kuondoka, iko kati ya "r" na "l" yetu.

Angalia irabu ya kwanza. Bakeru ni kujigeuza, bokeru ni kupungukiwa akili kwa uzee. Niliwahi kuandika insha fupi kuhusu mbweha aliyejigeuza bibi kizee, nikaandika boketa badala ya baketa. Hadithi ikawa ya mbweha mzee aliyesahau njia ya kwenda kwao.

Hatua ya 2: Shika kiini kabla ya tafsiri

Kamusi itakupa "kugeuka" au "kubadilika". Zote mbili ni pana mno. Kiini cha bakeru ni hiki: kiumbe kinavaa sura nyingine ili kionekane kitu kingine, na ndani yake kinabaki kilekile. Ndiyo maana nasema kujigeuza, na mara nyingine kujifanya. Daima kuna harufu ya udanganyifu au mshangao.

Magwiji wa kazi hii katika simulizi za Kijapani ni wawili: kitsune, mbweha, na tanuki, mnyama wa jamii ya mbwa mwenye mabaka meusi machoni, ambaye Kiswahili hakina jina lake la kila siku kwa sababu huku kwetu hayupo. Kuna msemo: kitsune nanabake, tanuki yabake. Mbweha ana sura saba za kujigeuzia, tanuki ana nane. Mbweha hujigeuza mwanamke mzuri ili amlaghai mtu. Tanuki hujigeuza kwa utani tu, na kwenye michoro mara nyingi huweka jani kichwani kwanza.

Chukua simulizi mbili za kukumbukia. Ya kwanza ni ya Kuzunoha, mbweha wa msitu wa Shinoda, katika eneo la Osaka ya leo. Alijigeuza mwanamke, akaolewa, akazaa mtoto. Mtoto huyo, kwa mujibu wa simulizi, ndiye Abe no Seimei, mnajimu wa kasri ya mfalme aliyefariki mwaka 1005. Seimei alikuwa mtu wa kweli. Mama mbweha ni wa hadithi. Ya pili ni ya tanuki aliyejigeuza chagama, chombo cha chuma cha kuchemshia maji ya chai. Hekalu la Morinji mjini Tatebayashi, mkoa wa Gunma, ndilo linalohusishwa na hadithi hiyo. Chagama kikawekwa motoni, tanuki akaungua, mkia ukachomoza.

Ule mkia ndio maana ya bakeru. Huwezi kukitumia vizuri kitenzi hiki bila kuuona mkia unaotaka kuchomoza.

Hatua ya 3: Kifunge pamoja na "ni"

Usikiandike peke yake kwenye kadi zako. Andika fremu nzima:

A が B に化ける。A ga B ni bakeru. A anajigeuza B.

狐が女に化けた。Kitsune ga onna ni baketa. Mbweha alijigeuza mwanamke.

Ga huonyesha mtenda, ni huonyesha sura anayoivaa. Kiswahili hakihitaji chochote hapo kati. Tunasema "alijigeuza paka" na mambo yameisha. Ndiyo maana wengi wetu huisahau ni, au huweka o kwa kudhani ile sura ni yambwa. Siyo. Bakeru ni kitenzi sielekezi, hakichukui o.

Binadamu naye hujigeuza: 泥棒が警官に化けた, dorobō ga keikan ni baketa, mwizi alijifanya askari. Na fedha pia, kwa utani: ボーナスが酒に化けた, bōnasu ga sake ni baketa. Bonasi iligeuka pombe. Sentensi hiyo haihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kupokea mshahara tarehe ishirini na tano.

Hatua ya 4: Kinyambue

Hiki ni kitenzi cha kundi la ichidan, kundi jepesi. Toa ru, bandika unachotaka.

化ける bakeru: hujigeuza, atajigeuza
化けない bakenai: hajigeuzi, hatajigeuza
化けた baketa: alijigeuza
化けなかった bakenakatta: hakujigeuza
化けます bakemasu: sawa na bakeru, kwa adabu
化けて bakete: umbo la kuunganishia
化ければ bakereba: akijigeuza
化けよう bakeyō: nijigeuze, tujigeuze
化けられる bakerareru: anaweza kujigeuza

Mambo mawili hapa. Kijapani hakina njeo ya wakati ujao, ndiyo maana umbo moja linabeba hu- na -ta- zetu kwa pamoja. Pili, ni bakete, si bakette. Kurudufu "t" ni kosa dogo linaloweza kuleta aibu kubwa kwenye vitenzi vingine: kaete ni kutoka kaeru ya kubadilisha, kaette ni kutoka kaeru ya kurudi nyumbani.

Umbo la bakete likiwa katikati ya sentensi lifikirie kama -ka- yetu ya masimulizi. Bakete, kimashita: akajigeuza, akaja. Tofauti ni kwamba Kijapani huacha njeo yote ikae kwenye kitenzi cha mwisho.

Hatua ya 5: -te iru ni -me-

Hapa kaa siku mbili tatu ikibidi.

Vitabu vitakwambia -te iru ni kitendo kinachoendelea. 食べている, tabete iru, anakula. Sawa. Kisha unakutana na 化けている, bakete iru, unatafsiri "anajigeuza", na sentensi inakataa kukaa.

たぬきが茶釜に化けている。Tanuki ga chagama ni bakete iru.

Hii kwa kawaida haimaanishi kwamba tanuki yuko kwenye shughuli ya kujigeuza, nusu manyoya nusu chuma. Maana yake ni tanuki amejigeuza chagama. Tendo limekwisha, hali ipo. Kile chombo unachokiona pale jikoni ndiye yeye.

Msomaji wa Kiswahili hapa ana bahati, kwa kuwa -me- yetu hufanya kazi hiyohiyo. Ukimwona mtu kitini, husemi "anakaa", unasema amekaa. Mwenye koti amevaa koti. Mwenye usingizi mzito amelala. Sasa tazama:

座っている suwatte iru: amekaa
着ている kite iru: amevaa
疲れている tsukarete iru: amechoka
結婚している kekkon shite iru: ameoa, ameolewa
死んでいる shinde iru: amekufa
窓が開いている mado ga aite iru: dirisha liko wazi, limefunguka

Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza huhangaika kweli na hiyo ya tano, kwa sababu anataka kuisoma "anakufa". Wewe usihangaike. Kipime kitenzi kwa Kiswahili: je, ukikitia -me-, kinaeleza hali ambayo bado ipo mbele ya macho? Kama ndiyo, -te iru yake huenda ni -me-. Kama kitenzi ni cha shughuli, kula, kusoma, kukimbia, -te iru yake kwa kawaida ni -na-. Kipimo hiki hakifanyi kazi asilimia mia (kulala, neru, nete iru, kinaingia vizuri, vingine vitakuyumbisha), lakini kimenisaidia kuliko jedwali lolote la sarufi.

Zoezi: angalia chumba ulichomo, andika sentensi tano za -me- za vitu unavyoviona. Taa imewaka. Paka amelala. Kisha zitie -te iru. Ya sita, mshuku paka.

Hatua ya 6: Mjue ndugu yake, bakasu

Kiswahili kina geuka na geuza, yeyuka na yeyusha, amka na amsha. Kijapani nacho kina jozi, na mojawapo ya mitindo yake ni -eru kwa -asu:

溶ける tokeru, yeyuka / 溶かす tokasu, yeyusha
枯れる kareru, kauka (mmea) / 枯らす karasu, kausha
逃げる nigeru, toroka / 逃がす nigasu, achia atoroke
化ける bakeru / 化かす bakasu

Ungetarajia bakasu iwe "geuza". Hapo ndipo jozi hii inapokusaliti. Bakasu ni kumlaghai mtu, kumchezea macho, kumfanya aone kisichokuwepo. Mara nyingi utaikuta katika kauli ya kutendwa: 狐に化かされた, kitsune ni bakasareta, nimechezewa na mbweha. Mtu akipotea kwenye njia anayoijua, au akihesabu fedha mara tatu zisilingane, anaweza kusema anahisi kama kachezewa na mbweha. Huku kwetu tungesema kuna mtu kanifanyia mazingaombwe.

Ukitaka kusema "kukigeuza kitu kiwe kingine", iache jozi hii, tumia kaeru ya hatua ifuatayo.

Hatua ya 7: Mtenge na majirani

Geuka yetu ni kitenzi chenye wake wengi. Kijapani kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi kadhaa, na kosa la kawaida la Mswahili ni kumwita bakeru kila mahali.

Maji yamegeuka barafu: 水が氷になった, mizu ga kōri ni natta. Tumia naru, kuwa. Maji hayamdanganyi mtu.

Taa za barabarani zimegeuka kijani: 信号が青に変わった, shingō ga ao ni kawatta. Tumia kawaru, kubadilika. (Ao ni buluu, ndiyo. Taa ya kijani Wajapani huiita ya buluu, lizoee tu.)

Nimebadilisha anwani: 住所を変えた, jūsho o kaeta. Tumia kaeru, na hapa o inaingia kwa haki yake.

Shujaa wa televisheni anapiga kelele, anazunguka, anatoka na mavazi ya chuma: 変身する, henshin suru, kubadili umbo. Neno hilo halina hila. Ni mwili kubadilika, mara nyingi hadharani. Kisa cha Kafka cha mtu aliyeamka akiwa mdudu kinaitwa Henshin kwa Kijapani, na hakingeweza kuitwa kwa bakeru, maana yule maskini hakuwa anamdanganya mtu yeyote.

Halafu kuna geuka mbili ambazo hazimo kabisa. "Geuka nyuma" ni furimuku. "Rafiki yangu kanigeuka" ni uragiru, kusaliti. Ukimwambia Mjapani kwamba rafiki yako baketa, atakuuliza amegeuka nini.

Kuna matumizi mengine ya kisasa ambayo yananifurahisha. Mchezaji aliyekuwa wa benchi, msimu mmoja anaibuka moto wa kuotea mbali, watu watasema あの選手は化けた, ano senshu wa baketa. Hapo hakuna udanganyifu, kuna mshangao. Ikizidi wanasema 大化け, ōbake, hata kwa hisa ambazo bei yake imepaa ghafla.

Hatua ya 8: Andika 化 na uwatembelee watoto wake

Mistari minne tu. Kushoto ni mtu, 亻, mistari miwili. Kulia ni 匕, ambaye asili yake ni mtu aliyepinduliwa, naye ni mistari miwili: anza na ule mfupi wa kulala, malizia na ule unaoshuka na kupinda. Mtu wima, mtu kichwa chini. Sidhani kama kuna kanji nyingine inayojieleza kwa uaminifu hivyo.

Watoto wa Japani hujifunza 化 darasa la tatu, ndani ya kanji 1,026 za shule ya msingi. Lakini umbo lake wameshaliona darasa la kwanza ndani ya 花, hana, ua: ni 化 yenye majani juu. Ukiijua moja, nyingine umepewa bure.

Inasomwa ba katika bakeru, na ka au ke katika maneno ya asili ya Kichina. Pitia haya bila kuyakariri kwa nguvu:

化け物 bakemono: zimwi, kitu kilichojigeuza
お化け obake: mzuka, neno la kuwatishia watoto
化け猫 bakeneko: paka wa kimazingaombwe
化粧 keshō: vipodozi, kujipamba uso
化石 kaseki: kisukuku, kiumbe kilichogeuka jiwe
文化 bunka: utamaduni
進化 shinka: mageuko ya viumbe
温暖化 ondanka: kuongezeka kwa joto duniani

Ile -ka ya mwisho ni kiambishi kinachozaa maneno ya "kufanyika hivi": kikaika ni kutumia mashine, kōreika ni jamii kuwa ya wazee. Magazeti yamejaa. Na kemia, 化学, husomwa kagaku, sawasawa na sayansi, 科学. Ili wasichanganyane, watu husema bakegaku, elimu ya kujigeuza. Mwanafunzi wa kemia aliyewahi kuona kimiminika kikibadilika rangi kwenye neli hawezi kulipinga jina hilo.

Hatua ya 9: Simulia hadithi yako mwenyewe

Sasa kitumie. Bibi zetu wana hadithi ya binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, mpaka likaja zimwi lililojigeuza kijana mtanashati. Inasimuliwa kwa namna nyingi, chagua ya kwenu. "Hapo zamani za kale" ina pacha wake kamili kwa Kijapani: mukashi mukashi. Anza na hizi tano, kisha ongeza:

昔々、ある村に、とてもきれいな娘がいました。
Mukashi mukashi, aru mura ni, totemo kirei na musume ga imashita.
Hapo zamani za kale, katika kijiji fulani, palikuwa na binti mzuri sana.

娘は「結婚したくない」と言いました。
Musume wa "kekkon shitakunai" to iimashita.
Binti alisema, "Sitaki kuolewa."

ある日、化け物が若い男に化けて、村に来ました。
Aru hi, bakemono ga wakai otoko ni bakete, mura ni kimashita.
Siku moja, zimwi likajigeuza kijana, likaja kijijini.

娘は、若い男に化けた化け物と結婚しました。
Musume wa, wakai otoko ni baketa bakemono to kekkon shimashita.
Binti akaolewa na zimwi lililojigeuza kijana.

Simama kwenye sentensi hiyo ya nne. Sisi husema "zimwi lililojigeuza", maelezo yakifuata jina. Kijapani hutanguliza maelezo yote, hakina -lo- wala -ye-, kisha huleta jina mwishoni: kijana-ni-baketa, halafu zimwi. Isome kwa sauti mara kumi, mpaka uache kulitafuta lile "-lo-".

Ya tano ina nahau ambayo nilikuwa nakuwekea. Bake no kawa ni ngozi ya kujigeuzia, kile kinachovaliwa juu ya mkia. Ikibanduka, mambo hadharani:

その夜、化けの皮が剥がれました。
Sono yoru, bake no kawa ga hagaremashita.
Usiku ule, ngozi ikabanduka.

Kilichotokea asubuhi yake kiandike mwenyewe. Kwetu binti aliokolewa na mdogo wake mwenye vidonda, na "vidonda" kwa Kijapani ni kizu.